Defender, Malwarebytes au VirusTotal: umsikilize nani laptopu ikilia virusi?

Shemeji yangu ana steshenari karibu na chuo kimoja Morogoro. Anatoa kopi, anaprinti, anawajazia wanafunzi fomu za mtandaoni, na laptopu anayofanyia kazi hizo mchana ndiyo hiyo hiyo inayorudi nyumbani jioni watoto wakaangalie katuni. Majuzi aliitua mezani kwangu taratibu, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. "Shemeji, hii basi tena. Ina virusi elfu moja mia mbili sabini na nne."

Idadi hiyo hakuibuni. Iliandikwa kwa rangi nyekundu na programu ya "kusafisha kompyuta" aliyoipakua bure baada ya tangazo kumrukia usoni. Nikawasha ukaguzi kamili wa Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe: vitisho 3. Nikaweka Malwarebytes ya bure: 41. Faili moja iliyonitia shaka nikaipandisha VirusTotal: injini 52 kati ya 70 na ushei zikaikataa. Mashine moja, jioni moja, majibu manne.

"Sasa mkweli nani?" akauliza.

Kila mmoja anahesabu chake

Watatu kati ya wanne walikuwa wakweli, ila kila mmoja alihesabu kitu tofauti.

Defender huhesabu vitisho. Programu moja mbaya ikishatambuliwa hupewa jina moja na mstari mmoja kwenye orodha, na mafaili yake yanapangwa chini ya jina hilo. Malwarebytes huhesabu nyayo: kila faili, kila folda na kila ufunguo kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio) unaohusiana na kitu hicho una mstari wake. Nilizishuka zile 41 mstari kwa mstari, na ukitoa zilizokuwa zinarudia yale ya Defender, nyingi zilikuwa nyayo za kitu kimoja tu, kiongezo cha kivinjari kilichokuwa kinabadilisha ukurasa wa kwanza na kuleta matangazo. Kitu kimoja, nyayo kama thelathini. Mtu asiyejua hilo atadhani Malwarebytes imeona mara kumi zaidi ya Defender.

VirusTotal yenyewe haikagui kompyuta yako hata kidogo. Unaipa faili moja, nayo inalipitisha kwa wakaguzi zaidi ya 70 wa kampuni mbalimbali na kukuletea kura zao. Ilianzishwa Málaga, Uhispania, mwaka 2004, Google ikainunua 2012. Ukiipa faili safi huku virusi vimelala kwenye folda ya pili, itakuambia faili ni safi, na itakuwa imesema kweli.

Ile ya 1,274 ilihesabu takataka. Kuki za tovuti, ambazo ni vipande vidogo vya maandishi visivyoweza kujiendesha. Njia za mkato za programu zilizokwishaondolewa. Maingizo ya rejista ambayo Windows imeishi nayo miaka yote bila kuugua. Chini yake kuna kitufe kikubwa cha "Rekebisha Yote", na ukikibonyeza unaombwa kadi ya benki.

Usidhani huu ni utapeli wa vichochoroni tu. Mwaka 2019, kampuni ya maduka ya Office Depot ya Marekani pamoja na Support.com zilikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza shauri la FTC, tume ya serikali ya huko inayowalinda walaji. Kwa mujibu wa tume hiyo, mwanzo wa ukaguzi mteja aliulizwa maswali manne: je, mashine yako imekuwa nzito, inajizima, inaleta matangazo, na mengine ya aina hiyo. Akikubali hata moja, ripoti ilimwambia kuna dalili za virusi, hata kama ukaguzi haukuona kitu. Mwaka 2024 zikafuata Restoro na Reimage, dola milioni 26, nazo kwa tuhuma za kuwatisha watu kwa ukaguzi wa uongo. Basi shemeji yangu asijione mjinga, wamo wengi.

Ukiwaweka bega kwa bega, wanaonekana hivi:

| | Inahesabu nini | Inakufaa lini | Inakoponyoka |
|---|---|---|---|
| Microsoft Defender | Vitisho kwa majina | Kila siku, muda wote | Hupitwa na baadhi ya programu za matangazo |
| Malwarebytes ya bure | Kila nyayo | Kivinjari kimevamiwa, matangazo hayaishi | Inakagua unapoiita tu, hailindi |
| VirusTotal | Kura juu ya faili moja | Una shaka na faili fulani | Haioni kompyuta yako |
| "Kisafishaji" cha tangazo | Kuki na masalia | Hakuna | Kila mahali |

Soma jina, achana na rangi

Watu wengi wakiona onyo hutazama vitu viwili: idadi na rangi. Vyote viwili havina habari nyingi. Habari iko kwenye lile jina refu lisilotamkika, ambalo wengi huliruka kama vile ni namba ya chasisi. Wataalamu wa kupambana na virusi walikubaliana utaratibu wa kuyaita majina haya mwaka 1991, na Microsoft wanaufuata mpaka leo: kwanza aina, kisha mfumo unaoshambuliwa, kisha ukoo, kisha herufi ya uzao. Ukiwa na neno la kwanza tu, kabla ya nukta mbili, umeshapata nusu ya jibu.

Laptopu ya shemeji ilikuwa na majina matatu kwenye Defender, na yanatosha kufundishia.

La kwanza ni HackTool:Win32/AutoKMS. Hapa nilicheka kidogo, maana nilimjua mgeni huyu kabla sijafungua kifuniko. Ni chombo alichokiacha fundi aliyempigia Windows. KMS ni njia halali ambayo mashirika makubwa hutumia kuamilisha Windows kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. AutoKMS ni kifaa kinachoidanganya Windows ijione iko ndani ya shirika la aina hiyo. Neno HackTool lina maana kwamba mkaguzi hasemi "hiki ni kirusi." Anasema "hiki ni kifaa cha kuvunjia kufuli, na sijui nani amekishika."

Mafundi wetu wanalijua hilo na ndiyo maana hukwambia, "Usijali, hiyo antivairasi inaonea kraki tu," yaani kifaa cha kuvunja kufuli la leseni. Wakati mwingine ni kweli. Tatizo ni kwamba wezi nao wanajua kwamba mafundi husema hivyo. Mwaka 2021 iligundulika kwamba KMSPico za bandia (KMSPico ni kifaa kingine cha aina ya AutoKMS) zilikuwa zinabeba CryptBot, mwizi wa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Na ukoo wa STOP, ule unaofunga mafaili yako kwa msimbo na kudai fidia, umesambaa kwa miaka mingi ukijificha ndani ya kraki za programu. Faili linalokuomba uzime ulinzi kabla ya kulifungua limeshakuomba ufunguo wa nyumba. Ndani likiwa na fundi au na jambazi, wewe umekwisha kumfungulia.

Hili ndilo faili nililolipeleka VirusTotal. Kura 52 zenyewe hazikunishtua, maana kraki hupigiwa kura nyingi hata ikiwa haina mzigo mwingine. Nilichotafuta ni majina. Wengi walisema KMS, HackTool, RiskTool. Hakuna aliyetaja mwizi wa nywila wala mfungua mlango. Nikapumua. Lakini nililiondoa, na Windows ikaanza kuandika pembeni kwamba haijaamilishwa. Inaendelea kufanya kazi hata hivyo. Unanyimwa vitu kama kubadilisha picha ya nyuma, na lile andiko linakaa hapo likikutazama. Kwa steshenari inayoandika barua na kuprinti, LibreOffice inafanya kazi ya ofisi bure na bila fundi.

La pili ni Worm:VBS/Jenxcus, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mtu yeyote aliyepitia chuo au kafe ya intaneti hapa kwetu ameshakutana na kazi yake hata kama jina halijui. Unachomeka flashi, badala ya mafaili yako unakuta njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya moja, faili lako linafunguka kama kawaida, na papo hapo mnyoo unaingia kwenye mashine. Mwaka 2014 Microsoft walikwenda mahakamani Marekani kukata mawasiliano ya ukoo huu na nduguye Bladabindi, kwa sababu mbali ya kusambaa, humwachia mtu wa mbali mlango wa kuingilia. Miaka zaidi ya kumi imepita. Flashi za wanafunzi hazijapata taarifa.

Mafaili kwenye flashi ya aina hiyo hayajafutwa. Yamefichwa tu. Nimeona watu wakifomati flashi yenye tasnifu nzima kwa sababu ya kuona njia za mkato. Safisha kompyuta kwanza, kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia uikague, halafu fungua dirisha la amri na uandike hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza, nawe utafuta zile njia za mkato kwa mkono. Ukibadilisha mpangilio huo, ukaanza na flashi kabla ya kompyuta, utasafisha flashi hiyo hiyo mara tano kwa siku na kuilaumu antivairasi.

La tatu lilianza na PUA. Herufi hizo huwekwa kwa programu zisizotakiwa: haziibi, haziharibu, ila ziliingia kwa kujibanza nyuma ya programu nyingine uliyokuwa unaitaka, na sasa zinaleta matangazo. Malwarebytes huziita PUP. Kaspersky wana unyoofu wa pekee hapa, huanza jina kabisa na maneno "not-a-virus". Huu ndio uwanja wa Malwarebytes. Defender iliona kisakinishi kilichobaki kwenye folda ya Downloads na kukamata hicho. Malwarebytes iliona kiongezo chenyewe kilichokwisha kuhamia kwenye kivinjari, na ndizo zile nyayo thelathini.

Yako majina ambayo hayakuwemo kwenye laptopu hii lakini yakitokea kwako usiendelee kusoma makala, inuka. Ransom. Backdoor. PWS, ambalo hupewa wezi wa nywila. TrojanSpy. Chochote chenye neno Stealer. Hapa kuondoa faili hakutoshi, kwa sababu swali si kama mwizi yumo ndani bali ameshatoka na nini. Kata intaneti ya kompyuta hiyo, chukua simu yako, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, maana ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha benki. Usibadilishe nywila ukiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Utakuwa unamsomea mwizi kwa sauti. Baada ya hapo hifadhi nyaraka zako pembeni na upige Windows upya. Wapo watakaokuambia ukaguzi wa pili ukitoka safi inatosha. Kwa mwizi wa nywila, mimi sikubali.

Mkaguzi naye hukosea

Ukiona jina limeishia na !ml, mfano ule maarufu wa Trojan:Win32/Wacatac.B!ml, ujue uamuzi umetolewa na mashine iliyofunzwa kukisia kwa mifano. Haikulitambua faili kwa sura. Imeona linafanana na wabaya. Mara nyingi hupatia, na mara nyingine humkamata mpita njia. Wanaoteseka zaidi ni wanafunzi wa programu: kijana ameandika programu yake ya kujumlisha alama kwa Python, akaifungasha kuwa faili moja la exe ampe rafiki, na kompyuta ya rafiki inapiga yowe. Vifungashio hivyo hutumiwa na wabaya pia, na mkaguzi anakihukumu kifungashio.

Hapa ndipo VirusTotal inapomshinda yeyote. Tazama sura ya kura, siyo idadi peke yake. Kura tano au sita kati ya sabini, zote zikiwa na maneno kama Generic, Heur, AI au ml, zinatoka kwa wakaguzi wanaokisia. Kura arobaini zinazotaja ukoo mmoja ni ushahidi. Lakini faili jipya kabisa lenye kura sifuri si faili safi, huenda ni virusi vya jana ambavyo hakuna aliyevijua bado. Subiri siku moja mbili, ukague tena.

Kuna jambo la faragha ambalo watu hawaambiwi. Faili unalopandisha VirusTotal linabaki huko, na kampuni za usalama zinazoshirikiana nao zinaweza kulipata. Usipandishe hati ya mshahara, nakala ya kitambulisho, wala mkataba. Kwa shemeji, ambaye folda zake zimejaa vitambulisho vya wateja, hilo si jambo dogo. Njia salama ni kutafuta kwa alama ya kidole ya faili. Fungua PowerShell, andika Get-FileHash, acha nafasi, buruta faili lako ndani ya dirisha, bonyeza Enter. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Unakili, uubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal. Kama faili limeshawahi kukaguliwa na mtu mwingine popote duniani, majibu yanakuja bila wewe kutuma hata baiti moja ya faili lenyewe. Na bando linabaki salama, maana kupandisha faili la MB 300 kwa bando la wiki ni msiba wa aina yake.

Wakubwa nao wameshateleza hadharani. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee walitoa masasisho yaliyoliita faili halali la Windows XP, svchost.exe, kuwa kirusi. Kompyuta nyingi sana duniani zikawa zinajiwasha na kujizima bila kikomo. Mwanzoni mwa Septemba 2022, Defender iliamka ikiziita Chrome na programu nyingine zilizojengwa kwa teknolojia inayofanana nayo Behavior:Win32/Hive.ZY, onyo likizimwa linarudi, mpaka Microsoft waliposahihisha. Kesi zote mbili zina alama moja: programu uliyoitumia miaka, hujapakua chochote kipya, na ghafla watu wengi wanalia pamoja siku hiyo hiyo. Hapo sasisha Defender, kanywe chai, urudi.

Kwa sababu hizo mimi huchagua karantini karibu kila mara. Kwenye Defender utapewa "Quarantine", "Remove" na "Allow on device". Karantini ni sero: mtuhumiwa hafanyi kitu, lakini kesi ikipinduka unamtoa. "Remove" ni kunyonga. "Allow on device" ni kumpa kibali cha kuishi nyumbani kwako daima, na Defender haitakuuliza tena habari zake. Watu hubonyeza hiyo ya mwisho ili onyo liache kuwasumbua. Nikiifungua kompyuta ngeni, kitu cha kwanza ninachokagua ni orodha ya vitu vilivyoruhusiwa. Ya shemeji ilikuwa na viwili. Hakuruhusu yeye.

Kelele ambazo si maonyo ya virusi

Pembetatu ya njano kwenye ngao ya Windows huwaogopesha watu bure. Mara nyingi inakuomba uingie kwenye OneDrive, au inakujulisha kwamba kinga fulani ya kumbukumbu haijawashwa kwa sababu una kiendeshi cha zamani. Fungua usome, ni sentensi moja. Kinachostahili mapigo ya moyo ni alama nyekundu.

Skrini ya bluu inayosema Windows imeilinda kompyuta yako unapofungua programu uliyopakua nayo si hukumu ya virusi. Ni SmartScreen inasema haimjui mtengenezaji. Kama umeipakua kutoka kwa mwenyewe, endelea. Kama umeitoa kwenye kundi la WhatsApp, hiyo skrini imekupa nafasi ya mwisho ya kufikiri.

Na kuna zile arifa zinazochungulia chini kulia, zikiwa na nembo ya antivairasi maarufu na maneno kwamba muda wako umekwisha na virusi vitano vimeonekana. Itazame vizuri: ndani yake kuna jina la kivinjari na anwani ya tovuti. Antivairasi yako haikuituma. Siku moja tovuti fulani ilikuomba ubonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukabonyeza, na tangu hapo imepata ruhusa ya kukutumia arifa. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa za tovuti, uifute. Ukurasa ukiziba skrini nzima na kukupa namba ya simu ya kupiga, shikilia Esc, na ukikataa fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc uue kivinjari. Hakuna antivairasi ya kweli inayoweka namba ya simu ndani ya onyo la virusi.

Basi uchague yupi

Kwa nyumba yenye kompyuta moja na bando la kuhesabu, Defender peke yake, ikiwa imesasishwa, na ile njia ya alama ya kidole kwa faili la mashaka. Usinunue kitu. Kama kompyuta haiunganishwi intaneti mara kwa mara, Microsoft wanatoa faili la masasisho linaloitwa mpam-fe.exe ambalo unaweza kulipakua penye Wi-Fi, ukalibeba kwa flashi na kulibofya. Ni zaidi ya MB 100, lakini unaweza kulitumia kwa kompyuta zote za mtaani kwako.

Nyumba yenye vijana wanaopakua magemu inahitaji na Malwarebytes ya bure juu ya Defender, ikaguliwe kila mwezi au kivinjari kinapoanza vituko. Angalia jambo moja: ukiiweka inaweza kukuwashia majaribio ya siku 14 ya toleo la kulipia, na toleo hilo linaweza kushika zamu ya ulinzi Defender ikakaa pembeni. Zima majaribio mapema, kisha hakikisha kwenye Windows Security kwamba Defender imerudi kazini. Usiweke antivairasi mbili za kulinda muda wote. Zitakamatana zenyewe kwa zenyewe na kompyuta italemaa. Na ukitaka rai ya pili, isiwe Microsoft Safety Scanner baada ya Defender. Wanatumia ujuzi uleule, ni sawa na kumuuliza daktari yuleyule akiwa amevaa koti jingine.

Aliye Marekani akiwa na laptopu yenye Kaspersky ajue kwamba serikali ya huko ilizuia masasisho yake kuanzia 29 Septemba 2024. Antivairasi isiyosasishwa ni mlinzi aliyelala, hata kama taa ya kijani inawaka.

Taa hiyo ya kijani inawadanganya na watu wa Windows 10. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea orodha za virusi mpaka Oktoba 2028, kwa hiyo ngao itaonekana nzima. Lakini orodha ya virusi ni jambo moja, na nyufa za Windows yenyewe ni jambo jingine. Mtu asiyejiandikisha kwa masasisho ya nyongeza ya usalama anabaki na nyufa wazi huku mlinzi akiwa na picha za wezi wote. Kwa laptopu ya shemeji, iliyo ya mtumba na isiyoweza kubeba Windows 11, tumejiandikisha ili tupate muda wa kuchanga ya kununua nyingine.

Steshenari yenyewe ina sheria mpya. Flashi ya mteja inakaguliwa kwanza, bofya kulia, sekunde chache, ndipo ifunguliwe. Wanafunzi wanaguna. Siku ya pili mmoja alikuta tasnifu yake iko palepale kwenye flashi aliyodhani imekufa, na tangu hapo miguno imepungua.

Kazi ya mwisho usiku ule ilikuwa kuiondoa ile ya 1,274. Nilipobonyeza, ikaleta dirisha jekundu: je, una uhakika unataka kuiacha kompyuta yako hatarini? Kitufe cha "Hapana, nilinde" kilikuwa kikubwa na cha kijani. Kile cha kuondoa kilikuwa cha kijivu, kidogo, pembeni kabisa. Shemeji akainama, akavaa miwani, akakitafuta mwenyewe.